Pamu ya marehemu baba

Mwezi wa sita mama alinipigia simu kutoka Uyole, Mbeya. Mimi kazi imeniweka Iringa. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu hakuzunguka: "Mwanangu, pamu ya baba yako inakufa."

Ndugu msomaji, usicheke. Ile pamu baba aliipandisha treni ya TAZARA mwenyewe kutoka Dar, akiwa ameifunga kwenye gunia, siku moja na ushee njiani. Baba hakuwa mtu wa maua. Aliileta kwa sababu mama aliwahi kuiona kwenye ukumbi wa harusi akaisifia, basi. Baba ametutoka, pamu imebaki. Kwa hiyo Ijumaa jioni nikapanda basi.

Nilibeba na zawadi, kwamba mambo yakiharibika angalau kuwe na mbadala. Pale Iringa mjini kuna kijana anauza miche kando ya barabara, kwenye viriba na makopo. Nikamwambia nataka pamu isiyokufa kwa baridi. Akanipa kitu chenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. "Hii ni pamu ya Uholanzi, bosi. Hata ukiisahau mwezi mzima haifi." Nikalipa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake. Akaishika chini kabisa, pale bua linapoingia kwenye udongo, akalibonyeza. "Hii si pamu," akasema. "Hili ni ndugu yake gimbi."

Mimi na shahada yangu nikacheka. Usiku nikakaa na simu kutafuta ukweli, na tangu usiku ule sijacheka tena.

Tuanze na maneno. Kiswahili hakikuwahi kuhitaji neno "pamu". Tulikuwa na mnazi, mtende, mchikichi, mpopoo, mkindu, mkoma, mvumo, mwale, kila mmoja na jina lake kwa sababu kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Mkindu unatoa ukindu wa mikeka mizuri, mkoma unatoa miyaa, mchikichi unatoa mawese. Neno la jumla tumelipata pale mti ulipoacha kuwa na kazi ukawa pambo la sebuleni.

Sasa, mama ni mzaliwa wa Kyela, kule chini ziwani, ambako michikichi imejaa na wanawake wanasuka mikeka. Utotoni amechana ukindu mwingi. Asubuhi alinipeleka kwenye pamu ya baba akanionyesha kitu ambacho baadaye nilikikuta kwenye vitabu vya botania. Chukua kijani kimoja cha mkindu ukitazame pale kinapoungana na uti. Kimekunjwa kuelekea juu, kama mtumbwi; mvua ikinyesha maji yangetuama. Chukua cha mnazi, au cha pamu ya baba: kimekunjwa kuelekea chini, kama paa la nyumba. Mkindu na mtende wako upande wa mtumbwi. Pamu nyingine nyingi zenye majani ya mtindo wa unyoya ziko upande wa paa. Wataalamu wana majina marefu ya Kilatini kwa jambo hilo. Mama ana vidole.

Pamu ya baba ni ile wauzaji wanayoiita "areka": mashina mengi membamba yanayotoka pamoja, yenye rangi ya manjano. Jina hilo nalo ni la kuazima, maana Areca halisi ni mpopoo, ule wa popoo za kutafuna na tambuu. Hii yetu asili yake ni Madagaska. Aliyeipa jina la kitaalamu ni Mjerumani Hermann Wendland, mwaka 1878, akaiita Chrysalidocarpus lutescens. Mwaka 1995 wataalamu wakaihamishia kwenye jenasi ya Dypsis, na mwaka 2022 wengine wakairudisha kwa Wendland. Ina ndugu yake wa karibu hapa hapa nchini: mpapindi, pamu ambayo kwa asili inaota Pemba tu, maarufu katika msitu wa Ngezi.

Huyu Wendland mshike vizuri, tutamrudia. Alikuwa msimamizi wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, na bingwa wa pamu wa zama zake. Karne ya 19 Ulaya ilikuwa na kichaa cha pamu. Matajiri walijenga majumba ya vioo na kuyapasha joto wakati wa baridi ili mti wa joto uishi kwenye theluji. Jumba la pamu la Kew, London, lilijengwa kati ya 1844 na 1848. Kabla yake palikuwa na la familia ya Loddiges, wauza miche wa Hackney, moja ya majumba makubwa ya aina hiyo duniani. Biashara yao ilipofungwa katika miaka ya 1850, pamu zao zilihamishiwa Crystal Palace.

Na hapa ndipo zawadi yangu ya Iringa inapoingia. Mwaka 1829 hao hao Loddiges, wafalme wa pamu, walichapisha mmea mpya wenye majani yanayong'aa. Lakini hawakuuweka kwenye pamu. Waliuita Caladium, yaani wakauweka kwenye ukoo wa magimbi. Mwaka 1856 Heinrich Schott wa Vienna akaupa jenasi yake: Zamioculcas. "Zamio" ni kwa sababu majani yanafanana na Zamia, mmea mwingine ambao watu huudhania pamu na siyo. Na "culcas"? Ni neno la Kiarabu, qulqas. Maana yake gimbi.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Bingwa wa Vienna, na maktaba yake yote, alifika mwaka 1856 pale alipofika mama yangu kwa kubonyeza bua mara moja.

Halafu soma hili. Hiyo "pamu ya Uholanzi" kwao ni kwetu. Porini inaota kuanzia Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, ikishuka hadi KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuizalisha kwa biashara karibu na mwaka 1996, ikasambaa kwenye ofisi na mahoteli ya dunia nzima. Leo tunaiuza barabarani Iringa na jina la Uholanzi juu yake.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya huko Tanga, aliokota ua dogo la zambarau Usambara na kumpelekea baba yake Ujerumani. Baba akampelekea mtaalamu, na mwaka 1893 ua likaitwa Saintpaulia, kwa jina la ukoo huo. Likawa moja ya maua ya ndani yanayouzwa sana duniani. Mtaalamu aliyelipa jina? Wendland, yule yule wa pamu ya baba.

Silaumu watu kwa kupenda maua. Ila angalia tarehe. Mwaka 1892 huku Iringa ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Mkwawa kuwapiga Wajerumani Lugalo. Kalenga ilianguka mwaka 1894. Wakati jeshi linapigania ardhi, bustani zilikuwa zinaandika majina ya vinavyoota juu yake. Mwaka 1902 wakafungua kituo cha utafiti Amani, Usambara, na bustani yake kubwa ya miti. Mwenye kuandika ndiye anayebaki kwenye kitabu. Waliokuwa wanajua mkindu ni upi na gimbi ni lipi hawakuandika, kwa hiyo tunadhani hawakujua.

Haya, turudi kwa mgonjwa. Kosa lilikuwa baridi na huruma. Uyole mwezi wa sita usiku nyuzi hushuka chini ya 10, na pamu ilikuwa barazani. Mama alipoona majani yanakauka akadhani ni kiu, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Mizizi ikaoza.

Kwa wenye pamu nyanda hizi za juu, nimejifunza haya. Kipupwe iingize ndani, karibu na dirisha lenye mwanga, mbali na moshi wa jiko. Ingiza kidole kwenye udongo. Kama juu bado kuna unyevu, acha. Chungu kiwe na tundu chini. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba, maana chumvi na floridi huunguza ncha za majani. Na usikate kichwa cha shina: kila shina la pamu lina moyo mmoja, juu kabisa, ukikatwa halichipui tena. Zamioculcas ndiyo kinyume chake. Ina viazi vinavyotunza maji, hivyo imwagilie kwa nadra, na hata kijani kimoja kikidondoka ukakichomeka kwenye udongo kinaweza kutoa mmea mpya. Pamu haiwezi hilo. Ila waangalie watoto wasiitafune, maana inawasha kama gimbi bichi.

Tuliitoa pamu ya baba kwenye chungu, tukakata mizizi iliyooza, tukabadilisha udongo. Yalikuwa mashina saba. Mama alipapasa moyo wa kila moja kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima homa. Sita yalikuwa yameoza. La saba lilikuwa gumu.

"Hili lipo," akasema.

Tukaliweka ndani, karibu na kiti cha baba. Ile ya Iringa tumeiweka mlangoni. Jana nilimpigia nikamuuliza hali ya pamu ya Uholanzi. "Ipi hiyo?" akaniuliza. "Mimi hapa nina mkindu-paa wa baba yako, na gimbi-pambo."

Majina hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Mimi nimeyaandika hapa.