Nyumba Isiyojua Mvua ya Mungu

Katika Chuo Kikuu cha Salford, jirani na Manchester, ipo nyumba ya matofali ambayo haijawahi kunyeshewa na mvua ya Mungu. Ni ya mtindo wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, na imejengwa kwa vifaa vya zamani ndani ya chemba ya maabara. Tangu 2011 watafiti huiletea upepo, theluji na baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri wanapotaka. Mwaka 2023 chuo kilifungua kituo cha pili, Energy House 2.0, kilichogharimu pauni milioni 16. Chemba zake mbili zinatosha nyumba kamili nne, na hali ya hewa humo huanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 40 juu yake.

Gharama hiyo ni ya nini, ilhali mitambo ya kupasha joto hupimwa kabla ya kuuzwa?

Hupimwa, ndiyo, lakini peke yake. Kwa mfano, kiwango cha Ulaya cha EN 14511 huipima pampu ya joto wakati hewa ya nje ina nyuzi 7 na maji yanayotoka yana nyuzi 35. Hapo pampu nzuri hutoa joto mara nne ya umeme inaokula, na muuzaji huitangaza namba hiyo kwa furaha. Pampu hii ni kiyoyozi kilichogeuzwa: huchota joto nje na kulisukuma ndani, na kadiri maji yanavyotakiwa kuwa ya moto zaidi ndivyo umeme unavyoliwa zaidi. Nyumba kongwe yenye radieta ndogo huweza kudai nyuzi 55. Tena, hewa nyevu inapokaribia sifuri, barafu huganda kwenye mapezi ya mtambo wa nje. Mtambo hulazimika kujigeuza kwa dakika kadhaa na kuazima joto la ndani ili kuiyeyusha. Taasisi ya Energy Saving Trust ilipofuatilia pampu za majumbani na kutoa matokeo yake 2010, nyingi za zile zinazochota joto hewani zilicheza kwenye mara mbili na ushei. Lawama nyingi ziliangukia usanifu na ufungaji.

Kwa hiyo kinachostahili kupimwa ni nyumba nzima. Njia inajulikana: nyumba tupu hupashwa kwa vihita vya umeme hadi nyuzi 25 hivi, feni zikichanganya hewa, kisha huhesabiwa wati zinazohitajika kulishikilia joto hilo. Mtaani kazi hii hungoja majira ya baridi, huchukua wiki kadhaa, na jua la dirishani huivuruga. Ndani ya chemba jua haliwaki mpaka liwashwe.

Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeishi humo: hakuna anayeoga wala anayesahau dirisha wazi. Ndiyo maana chemba isifanywe hakimu wa mwisho. Kanuni za ujenzi za England humdai mjenzi kipimo cha uvujaji wa hewa, lakini upotevu wa joto wa nyumba nzima hukubaliwa kwa hesabu za karatasini. Hapo ndipo pa kubadilisha. Zipo mbinu za kukadiria upotevu huo kwa usomaji wa mita za kisasa na vipimajoto vya vyumbani, wenyeji wakiendelea na maisha yao. Chemba inafaa kutumika kuzihakiki mbinu hizo, ili mnunuzi akabidhiwe namba iliyopimwa nyumbani mwake.