Njia ya Oicha na Nyankunde

Ukitoka Bunia kwa barabara ya Komanda, dhahabu unaiacha kaskazini, mgongoni kwako. Kwa anayefuatilia historia ya tiba katika Ituri hilo si jambo dogo. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905, na madaktari wa Kibelgiji waliofuata nyuma yake walikuwa na kazi moja mbele ya nyingine zote: mikono ya kuchimba isipungue. Mchimbaji alipimwa ili arudi shimoni. Mama yake aliyebaki kijijini alimwona daktari siku ya msako wa malale, na akitaka kusafiri alidaiwa cheti cha kuonyesha kwamba hana ugonjwa huo. Lopitali zilijengwa palipokuwa na faida ya kuzijenga.

Njia niliyotaka kuifuata ni nyingine. Inaanzia Oicha, katika Kivu Kaskazini, inapanda hadi Nyankunde, halafu mwezi Septemba 2002 inarudi Oicha kwa miguu.

Carl Becker, daktari Mmarekani wa Africa Inland Mission, alifika Kongo mwaka 1929, na mwaka 1934 akapiga kambi Oicha, ukingoni mwa msitu. Hapakuwa na mgodi. Palikuwa na wakulima, Wambuti wa msituni, na watu wenye ukoma ambao hakuna kampuni iliyowahitaji. Katika miaka ya 1950 kijiji cha wenye ukoma pale Oicha kilikuwa na maelfu ya wagonjwa. Dawa zake zilikuja pamoja na mahubiri, na anayeisimulia habari hii bila kusema hivyo anaficha nusu yake. Ila wagonjwa walijua hesabu yao: mahubiri yalikuwa ya saa moja, na kidonda kilikuwa cha miaka.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima haikuwa na Mkongomani hata mmoja aliyehitimu udaktari. Walikuwepo wasaidizi wa madaktari, wengine wenye uzoefu wa miaka mingi, na zaidi ya mia moja kati yao walipelekwa Ufaransa na Shirika la Afya Duniani wakamalizie masomo. Miaka minne baadaye yakaja maasi ya Simba. Becker alikimbilia Uganda. Huko Nebobongo, magharibi zaidi, daktari Mwingereza Helen Roseveare, aliyekuwa Kongo tangu 1953, alishikwa na waasi kwa miezi. Alipigwa na kubakwa, na baadaye aliliandika jambo hilo waziwazi, wakati ambapo wengi wa kizazi chake wangelificha mpaka kaburini.

Mawazo ambayo Becker na wenzake walirudi nayo baada ya maasi ndiyo yanayonifanya nipande pikipiki mpaka Nyankunde. Badala ya kila misheni kushikilia kihospitali chake chenye mzungu mmoja aliyechoka, mashirika kadhaa yangeunganisha nguvu mahali pamoja, na mahali hapo pangefundisha. Roseveare alijiunga nao mwaka 1966 akaisimamisha shule ya wauguzi na wasaidizi wa tiba. Mpaka alipoondoka mwaka 1973, watoto wa wakulima walikuwa wanatoka pale na vyeti, wanarudi kwao kufungua zahanati. Mwaka 1992 Mwingereza mwingine, Pat Nickson, alianzisha hapohapo taasisi ya afya ya jamii, IPASC, kwa ajili ya wanaokwenda kuishi vijijini hasa, waliko wagonjwa.

Nyankunde iko kama kilomita 45 kusini-magharibi ya Bunia. Ukifika Marabo unaiacha barabara kuu. Milima inakaa karibu sana na majengo, na uwanja mdogo wa ndege za misheni uko palepale. Kabla ya vita lopitali ilikuwa na vitanda kama 250, na wagonjwa walikuja kutoka mbali bila kuulizwa kabila. Hilo la kutoulizwa kabila ndilo lililokuja kufa kwanza.

Tarehe 9 Agosti 2002 kundi lenye silaha la UPC, la Thomas Lubanga, liliiteka Bunia. Tarehe 31 likashambulia Songolo, mji wa Wangiti. Siku tano baadaye, tarehe 5 Septemba, wapiganaji wa Kingiti pamoja na askari wa kundi la waasi la APC waliingia Nyankunde kulipiza kisasi. Human Rights Watch lilikadiria waliouawa kuwa si chini ya 1,200 katika siku kumi hivi. Wagonjwa waliuawa vitandani, baada ya kutambuliwa kabila. Magodoro, dawa, mabati, vyombo vya upasuaji, vyote viliondoka.

Waliookoka walishika njia ya msitu kuelekea kusini, kilomita kama 150, wauguzi na wagonjwa pamoja, wasiojiweza wakibebwa. Walielekea Oicha, kwenye lopitali iliyoizaa ya kwao. Shule haikufa: masomo yaliendelea Beni. IPASC nayo ilihamia Aru, karibu na mpaka wa Uganda. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoandika kwamba Nyankunde iliangamizwa. Yaliyoangamizwa ni majengo. Vyombo vilivyoporwa havikumtibu mtu tena, lakini muuguzi aliyefika Oicha na miguu iliyovimba alikuwa bado anajua kushona kidonda, na alikuwa bado anajua kumfundisha mwingine. Becker na wenzake walidhani wanajenga kituo kikubwa. Kilichowashinda waporaji kukibeba ni ile shule. Baada ya vita watu walirudi, na leo Nyankunde inatibu tena.

Bunia kwenyewe, Mei 2003, jeshi la Uganda lililokuwapo hapo lilipoondoka, mji uliangukia mikononi mwa wanamgambo. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua lopitali ndani ya jengo la biashara liitwalo Bon Marché, na jina hilo likabaki kwa lopitali. Majeruhi wa risasi ndio waliotegemewa. Waliokuja kwa wingi, miezi na miezi, ni waliobakwa. Kati ya Septemba 2005 na Desemba 2006 peke yake walitibiwa 2,565, wengi mno wakiwa wanawake, ingawa wanaume nao walikuwamo. Hiyo ni miaka ambayo mji ulihesabiwa kuwa umetulia.

Mgeni anapoondoka, nani anabaki? SOFEPADI, chama cha wanawake kilichozaliwa Bunia, kina kituo chake cha tiba mjini, Karibuni Wa Mama. Mmoja wa waanzilishi wake, Julienne Lusenge, alikuwa mwandishi wa redio kabla vita havijamfukuza. Mwaka 2021 alikuwa mwenyekiti mwenza wa tume iliyochunguza unyanyasaji wa kingono uliofanywa na wafanyakazi wa kupambana na Ebola mwaka 2018 hadi 2020. Tume ilitaja watuhumiwa 83, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Shirika lililowapeleka wasaidizi wa tiba Ufaransa miaka sitini nyuma sasa lilihojiwa na mama wa Ituri.

Mahakama ya The Hague nayo iliigusa habari hii. Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC, alitiwa hatiani mwaka 2019, na moja ya makosa yake ni kushambuliwa kwa kituo cha afya cha Sayo, karibu na Mongbwalu. Mwendesha mashtaka alitaka hata uporaji wa lopitali ya Mongbwalu uhesabiwe kuwa shambulio. Mwaka 2021 majaji wa rufaa walimkatalia kwa wingi wa kura. Hoja zao za kisheria naziheshimu. Lakini mjamzito anayefika usiku akakuta chumba cha kuzalia hakina kitanda, taa wala mkasi, sijui angeelezwaje tofauti hiyo. Na hayo hayajaisha: Machi 2024, huko Drodro, katika Ituri hiyohiyo, wenye silaha waliingia lopitalini, wakapora, na mgonjwa mmoja akauawa kitandani.

Kutoka Marabo nilitaka kuendelea Komanda, Luna, Eringeti, mpaka Oicha. Motari wa pikipiki yangu aliuliza mara moja tu: «Papa, unaenda wapi kabisa?» Nilipomjibu alicheka. «Mpaka Komanda ni sawa. Kupita pale, tafuta mwingine.» Sikubishana. Julai 2025 waumini zaidi ya 40 waliuawa na waasi wa ADF katika kanisa la Komanda, wakiwa kwenye mkesha, na kwa miaka barabara ya kwenda Luna imepitwa kwa msafara unaolindwa na askari.

Ituri ina kanda 36 za afya, na chanjo zinafika kwenye vituo vingi vya pembeni ndani ya kisanduku cha baridi kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Msafara usipoondoka leo, muuguzi analala Komanda na kisanduku chake, asubuhi anatafuta barafu nyingine ya kununua. Mshahara wa serikali ama haumfikii, ama unachelewa, kwa hiyo pesa ya barafu mara nyingi ni yake.