Historia ya Uzi wa Mwanga (Sehemu ya 4): Ulianzia hospitali, ukaishia baharini



Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Siku ya Mama, halafu intaneti ikakata. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Salamu za mama zikagoma kwenda.

Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga. Na nyuzi hizo, jamani, zilianzia kwetu hospitalini. Mwaka 1930 Heinrich Lamm, mwanafunzi wa udaktari Ujerumani, alizifunga pamoja ili aone ndani ya mwili. Picha ikatoka hafifu, mwanga ulikuwa unavuja. Baadaye kila uzi ukavikwa kioo cha aina nyingine, na mwaka 1957 Dkt. Basil Hirschowitz akameza kifaa chake mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa.

Lakini tumbo ni karibu. Kioo cha enzi zile, ukipita mita 20 tu, mwanga uliobaki ni sehemu 1 kati ya 100. Mwaka 1966 Charles Kao akasema tatizo ni uchafu uliomo kwenye kioo. Kikasafishwa. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel, na mwaka huohuo Seacom ikafika Dar es Salaam.

Sasa wanakiondoa kioo chenyewe! Philip Russell alipata wazo hilo mwaka 1991: uzi wenye tundu katikati, kama bua la jani la mpapai, mwanga upite hewani. Vijibomba vyembamba vya kioo kuzunguka tundu huurudisha mwanga usitoroke. Vikipangwa vizuri, mwanga hufika ukitikisika kwa upande uleule ulioanza nao. Mwaka 2025 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionyesha uzi ambao nusu ya mwanga inabaki baada ya kilomita 33. Uzi wa kawaida ni kama 15. Na hewani mwanga unakimbia zaidi.

Ila uzi wa tundu nao unakatika. Kwa hiyo mama mjamzito: ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, usisubiri nijibu WhatsApp. Piga simu ya kawaida, nauli iwe tayari, njoo kituoni.

Dalili hizo hazisubiri bando. Tukutane sehemu ya 5.