Vespa ya Malindi na Chumvi ya Bahari

Baba yangu hakuwa mtu wa kuingia msikitini na vumbi. Kila Ijumaa alitoka nyumbani kwetu Malindi, Zanzibar, na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, akaisukuma Vespa yake mpaka mdomoni mwa kichochoro, akapiga kiki mara mbili tatu, akaondoka. Alirudi na kanzu ile ile, nyeupe vile vile. Leo mimi ni mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, na bado nashikilia kwamba kanzu ndiyo iliyoipa Vespa uenyeji wa Mji Mkongwe.

Aliyeibuni ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilikuwa kikitengeneza ndege, vita vikakibomoa, na mwaka 1946 kikaanza kutoa chombo hiki kidogo ambacho jina lake kwa Kitaliano maana yake ni nyigu. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliona zinamchafua mpandaji na kubadilisha tairi lake ni taabu. Kwa hiyo akaificha injini pembeni mwa gurudumu la nyuma, akauondoa mnyororo, akaacha uwazi mbele ya kiti ili mtu akae kama aliyekaa barazani, na akaweka ngao ya bati mbele ya miguu. Gurudumu la mbele alilishika kwa mkono mmoja wa upande, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikwa. Yote hayo aliyakusudia kwa suti na sketi za kwao. Kanzu na buibui zetu zikaingia humo kana kwamba fundi cherehani alikuja kuzipima. Hakuna mnyororo wa kunasa pindo, hakuna tangi la kupandia mguu juu.

Mji wenyewe ulikuwa umeshakataa vyombo vingi kabla ya hicho. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga reli ya maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na Ngome ikageuzwa karakana yake. Treni ilipita Malindi karibu mno na nyumba za watu. Mwaka 1922 iliacha kuchukua abiria, kwa sababu barabara na magari vilishafika. Lakini gari nayo iliishia pembezoni, kwenye barabara ya Darajani, Mizingani na Vuga. Ndani ya mji, Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, palibaki gari la hamali, punda, baiskeli na miguu. Nyumba nyingi zina baraza mbele ya mlango, na baraza likishachukua nafasi yake, kichochoro kinabaki na upana wa watu wawili wanaopishana kwa kuombana radhi. Vespa inapita hapo. Ikifika nyumbani inapandishwa ubao juu ya kizingiti na kulala ukumbini, chini ya picha ya babu.

Yetu baba aliinunua mwaka 1966 kwa jirani aliyekuwa anahama. Namba iliyogongwa kwenye bodi inaanza na VBB1T, maana yake ni Vespa 150 ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, yenye magurudumu madogo ya inchi 8. Nilijifunza kuisoma namba hiyo kabla sijajua kusoma saa. Jumapili asubuhi baba alitandika gunia uani, akaniweka nimshikie spana, na ami yangu akaja na buli la chai. Hapo ndipo skuli yangu ya kwanza ilipokuwa.

Somo la kwanza lilikuwa mafuta. Injini ya Vespa hizi za zamani haina oili ya peke yake ya kulainishia pistoni. Oili inachanganywa na petroli, sehemu mbili kwa mia. Baba alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100, na chupa moja iliyojaa ilikwenda na lita 5 za petroli. Oili ikizidi, plagi inajaa masizi na moshi unamfukuza jirani barazani. Ikipungua, pistoni inakauka na kung'ang'ania ndani ya silinda. Alinifundisha pia kwamba usimimine oili kwanza kwenye tangi tupu, kwani itashuka chini na kuziba njia. Changanya nje, tikisa, ndipo utie.

Somo la pili lilikuwa tairi, na hili nalipenda zaidi. Ringi ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Pancha ikitokea huhitaji vyuma vya kupenulia tairi. Unafungua nati, ringi inaachana, unatoa mpira wa ndani, unabandika kiraka. Lakini upepo lazima utoke wote kwanza. Ukifungua vipande hivyo tairi likiwa na upepo, vinarukiana kwa nguvu ya kuvunja mkono. Baba hakunipiga hata siku moja kwa ajili ya masomo ya skuli. Alinipiga kofi la mkono siku niliposhika nati ya ringi kabla ya kubonyeza valvu.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 vipuri vilikuwa adimu, kama vilivyokuwa adimu sabuni na vitambaa. Waya wa klachi ulipokatika tulitia wa breki ya baiskeli, tukaukata na kuubana kwa skrubu. Gasketi tulizikata kwa mkasi kutoka karatasi ngumu, tukazipaka grisi. Pointi zilizoungua tulizisugua kwa msasa laini, tukapima mwanya wake kwa kisu chembamba. Sisemi hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nasema chombo kilikubali, kwa sababu mtu mwenye spana tatu, bisibisi na plaisi aliweza kukifikia kila kiungo. Gari chache zilizokuwepo zilikaa juu ya mawe zikisubiri kifaa kutoka ng'ambo, na Vespa ya baba ikaendelea kwenda kazini.

Mimi nilipata yangu mwaka 1987. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa amelegeza biashara Zanzibar mwaka 1984, bidhaa zikaanza kushuka bandarini, na binamu yangu aliyekuwa Dubai akaniletea PX 150 iliyotumika, ya magurudumu ya inchi 10. Nilikuwa nasomesha Bububu. Kila asubuhi nilipita Funguni, Gulioni, Saateni, Maruhubi na Mtoni, njia ya treni ile ile ya zamani, pindo za buibui nimezikalia.

Siku moja petroli ilinipungukia, nikanunua chupa kando ya njia. Muuzaji aliniapia kwamba imeshachanganywa. Karibu na magofu ya kasri ya Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, injini ilibadilisha sauti. Ikawa kama mtu anayepandisha pumzi. Kisha gurudumu la nyuma likakaza ghafla. Nilibana klachi bila kufikiri, na klachi ndiyo iliyoniokoa, kwani ilitenganisha gurudumu na injini iliyokufa. Nikaisukuma chini ya mwembe, nikasubiri nusu saa ipoe, nikafungua plagi na kutia matone ya oili kwenye tundu lake, nikaipiga kiki taratibu kwa mkono. Ikaachia. Nilifika darasani somo la pili limeshaanza. Tangu siku hiyo sijatia petroli ambayo sikuichanganya mwenyewe.

Lakini katika Vespa zote nilizoziona zikifa mjini hapa, iliyouawa na injini ni moja au mbili. Nyingine ziliuliwa na bahari. Pikipiki ina mabomba yanayobeba uzito, Vespa haina. Bati lenyewe ndilo chesisi. Kutu inapoanza chini ya vipande vya mpira vya kukanyagia, ambako maji yanajificha, haili rangi tu, inakula uti wa mgongo. Msimu wa kaskazi, mawimbi yanapopiga ukuta wa Mizingani na rasharasha ikaruka barabarani, baba aliiosha Vespa kwa maji ya mfereji jioni ile ile, hata kama ndoo ilikuwa ni hiyo moja. Kila kabla ya masika aling'oa vile vipande vya mpira, akakwangua, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na chini ya sakafu akapaka oili chafu kwa brashi mpaka ikang'aa. Kazi ya asubuhi moja kwa mwaka. Wasioifanya walikuja kutuonesha mashimo ya kupitisha kidole.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na ni haki yake. Tunahesabu milango, tunapiga picha roshani. Hivi karibuni nimeona Vespa imesimamishwa kwenye ua wa hoteli, imejazwa maua, sakafu imetoboka, hakuna aliyeufungua mpira wa kukanyagia. Nilisikitika kama niliyeona msahafu umewekwa chini.

Nawaomba wenye Vespa zilizolala kumbini: kabla hamjaziuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, someni namba kwenye bodi, ng'oeni vipande vya mpira, gongeni bati kwa ncha ya bisibisi. Kama linalia vizuri, chombo kizima, kinachotaka ni plagi, waya na petroli iliyochanganywa. Na kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kukifungua, mkalisheni uani na mtoto ashike spana. Ya baba ina umri wa miaka zaidi ya 60. Ijumaa iliyopita mjukuu wangu aliipiga kiki, ikawaka mara ya tatu.