Matengenezo ya Nyumba za Mawe za Mji Mkongwe

Nyumba ni sehemu ya utamaduni wa watu kama zilivyo lugha na mavazi. Tukitaka kuelewa jinsi wazee wetu wa pwani walivyokabiliana na joto na mvua, hatuna budi kuzichunguza nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 19. Uchunguzi huo si wa kusifu mambo ya kale tu, kwani watu wangali wanaishi humo, nao wanahitaji maji, umeme na raha kama raia wengine.

Kuta za nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi hufikia nusu mita au zaidi. Ukuta mnene namna hiyo hupata joto polepole, hata jua likatua kabla joto halijafika ndani. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ni fupi, vyumba vikawa vyembamba. Nyumba zimesongamana, nyingine zikishirikiana ukuta mmoja, na vichochoro vilivyo baina yake hupata kivuli kwa muda mrefu. Katika nyumba nyingi mna ua wa ndani ulio wazi juu: hewa ya moto hupanda na kutokea hapo, na hewa ya baridi huingia kutoka kichochoroni.

Matengenezo yasiyozingatia mambo hayo huleta hasara. Saruji ni ngumu, na kwa macho huonekana bora kuliko chokaa. Lakini chokaa huuacha unyevu utoke, ilhali saruji huufungia ukutani. Hapo chumvi iliyomo katika mawe huganda nyuma ya lipu na kuumomonyoa ukuta, na ncha za boriti huoza. Ua nao ukizibwa ili kipatikane chumba kimoja zaidi, joto huzidi, na mwenye nyumba hulazimika kulipia umeme wa mashine ya kupozea hewa. Tena, kwa sababu ya ukuta wa shirika, bomba linalovuja kwa mmoja humdhuru na jirani.

Mwaka 1985 Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Basi kazi ina utaratibu wake. Kwanza paa na mifereji ya mvua vitengenezwe, kisha mabomba. Baadaye lipu ya saruji ibanduliwe kwa uangalifu, ukuta uachwe ukauke, ndipo upigwe lipu ya chokaa. Ua na madirisha yaliyozibwa yafunguliwe. Taa na mashine zifuate mwisho.

Chokaa hutaka subira na fundi anayeijua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa uzibwe kwa kitu kinachopatana na ukuta wenyewe. Vijana wetu wakijifunza kazi hiyo kwa mafundi wazee wangali hai, nyumba hizi zitaendelea kuwa makazi ya watu.