Msitu, Ndege na Mavuno Yetu

Tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, yatupasa kukumbuka kuwa mavuno ya Kamsamba yanategemea msitu na ndege wake pia. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Baa kuu ya 1930 hadi 1944 ilianzia huku na Mweru wa Ntipa, ikaenea hadi kusini mwa Afrika. Ndege wengi hula nzige na viwavi. Kweleakwelea huangamiza mpunga na mtama, lakini sumu anayonyunyiziwa huua pia ndege waimbao wasio na hatia.

Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyama na mapori ni amana tuliyokabidhiwa. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaviwezesha vijiji kutenga misitu yao wenyewe. Lakini sheria haizimi moto. Huuzima wenyeji wanaojitolea kufyeka njia za moto, kulinda miti na kutoa habari mapema kweleakwelea watuapo, ili sumu isimwagwe ovyo. Basi, ndugu wanachama, tusiwaachie wachache kazi hiyo: haba na haba hujaza kibaba.