Tarumbeta ya jeshi: Haina kibonyezo hata kimoja, mpigaji akikosea mnasikia wote

Iangalie vizuri tarumbeta inayopigwa kwenye mazishi ya kijeshi. Haina vibonyezo, wakati ile ya bendi kwa kawaida ina vitatu. Hii ni bomba la shaba lililokunjwa tu, na noti zote zinatoka kwenye midomo na pumzi ya mpigaji. Milio mingi ya jeshi hutumia noti nne au tano, basi.

Uchache huo ulikuwa faida. Kabla ya redio, sauti ya kamanda ilimezwa na kelele za bunduki, lakini tarumbeta ilisikika. Vikosi vya Hanover, Ujerumani ya leo, viliitumia mwaka 1758, Waingereza nao wakaichukua. Kambini ilitangaza kuamka, kula na kulala. Vitani ilisema songa mbele au rudi nyuma. Askari alitakiwa kuitambua kila amri kwa kuisikia tu.

Redio ilipokuja, kazi hiyo ikaisha. Yakabaki mazishi na kumbukumbu. Waingereza, na majeshi yaliyorithi utaratibu wao yakiwemo ya Afrika Mashariki, hupiga 'Last Post', ambao awali ulikuwa mlio wa kufunga siku kambini. Marekani wana 'Taps', wenye noti 24, ulioandaliwa na Jenerali Daniel Butterfield huko Virginia mwaka 1862.

Novemba 25, 1963, Sajini Keith Clark aliupiga kwenye maziko ya Rais John F. Kennedy, baada ya kusimama kwenye baridi kwa saa kadhaa. Noti ya sita ikakatika, na mamilioni wakaisikia kwenye televisheni. Wapo waliodhani amekusudia, kama kilio.

Siku hizi shida ni wapigaji wenyewe: hawatoshi. Sheria ya Marekani inampa askari wa zamani anayestahili heshima za kijeshi haki ya kupigiwa 'Taps' akizikwa. Ndiyo maana mwaka 2003 Pentagon ilileta kifaa cha kielektroniki kinachochomekwa ndani ya tarumbeta. Askari anabonyeza, anaiweka mdomoni, anatulia. Rekodi inajipiga yenyewe. Noti ya sita haikatiki.

Wengine wanasema huo ni usanii mtupu. Ila kwa familia iliyokosa mpigaji, kilichokuwepo kabla ya hapo mara nyingi kilikuwa ni redio ya CD iliyowekwa pembeni ya kaburi. Na utaratibu uko wazi: akipatikana mtu wa kupuliza, kifaa hakitumiki.